MASHINDANO YA SATARANJI YA TIMU ZA TAIFA, BUENOS AIRES, 1939: MAELEZO KUHUSU UBINGWA ULIOAMULIWA KWA NUSU ALAMA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, wa mjini na wa mashamba, wanaletewa hapa maelezo juu ya mashindano ya nane ya sataranji ya timu za taifa, yaliyofanyika katika mji wa Buenos Aires, nchini Argentina, kuanzia tarehe 21 Agosti hadi tarehe 19 Septemba, 1939. Huenda msomaji akauliza mashindano ya zamani kiasi hicho, tena ya ng'ambo ya bahari nyingine, yana uhusiano gani na ukurasa unaoshughulika na taratibu na kanuni. Jawabu ni kwamba mashindano hayo yalikumbwa na jambo ambalo hakuna kanuni yoyote iliyokuwa imelitazamia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza wakati wachezaji wamo ndani ya ukumbi, na walioyasimamia iliwabidi waamue, kwa siku chache tu, namna ya kuhesabu michezo ambayo hapana aliyekuwa tayari kuicheza. Uamuzi wao ulitoa bingwa kwa tofauti ya nusu alama, na mpaka leo bado unajadiliwa.

Sataranji si mchezo mgeni katika upande wetu wa bahari. Jina lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Uajemi, na Waajemi waliupata mchezo wenyewe kutoka Bara Hindi. Ubao una vyumba 64, kila mchezaji ana kete 16, na kusudi ni kumbana mfalme wa upande wa pili hata asiwe na pa kukimbilia. Wengi waujuao mchezo huu huufahamu kuwa ni wa watu wawili tu. Utaratibu wa kushindana timu kwa timu haufahamiki sana, na bila ya kuufahamu huo, habari ya Buenos Aires haitaeleweka.

UTARATIBU WA KUHESABU

Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, linalojulikana kwa ufupisho wa FIDE, liliundwa mjini Paris tarehe 20 Julai, 1924. Mashindano yake rasmi ya kwanza ya timu za taifa yalifanyika London mwaka 1927, na Hungaria ikatwaa kikombe. Mashindano hayo ndiyo yanayoitwa Olimpiadi ya Sataranji, ingawa hayana uhusiano na michezo ya Olimpiki tunayoijua.

Mwaka 1939 kila nchi ilipeleka wachezaji wanne na wa akiba mmoja. Mchezaji hodari kuliko wote hukaa ubao wa kwanza, anayemfuatia ubao wa pili, na kuendelea hivyo hadi wa nne. Nchi mbili zinapokutana, ubao wa kwanza wa hawa hucheza na ubao wa kwanza wa wale, wa pili na wa pili, na kadhalika, wote kwa wakati mmoja. Anayeshinda huipatia timu yake alama 1, wakitoka sare kila mmoja hupata nusu, na anayeshindwa hapati kitu. Kwa hiyo pambano moja la nchi mbili lina alama 4 za kugawana: zinaweza kugawanywa 4 kwa 0, 3 kwa 1, 2½ kwa 1½, au 2 kwa 2.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika zama hizo bingwa hakuhesabiwa kwa idadi ya nchi alizozishinda. Zilijumlishwa alama zote za mbao zote, za mapambano yote. Timu iliyoshinda kwa 4 kwa 0 ilifaidika zaidi kuliko iliyoshinda kwa 2½ kwa 1½, na timu iliyofungwa kwa tofauti ndogo haikutoka mikono mitupu. Mchezaji wa ubao wa nne, aliyekuwa akihangaikia sare saa za jioni dhidi ya timu dhaifu, alikuwa akihangaikia ubingwa wenyewe. FIDE ilibadilisha utaratibu huo mwaka 2008, katika Olimpiadi ya Dresden, na tangu hapo hesabu ya kwanza ni ya mapambano yaliyoshindwa, na alama za mbao hutumika kutenganisha timu zilizolingana.

SAFARI NA HATUA YA MAKUNDI

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Olimpiadi kufanyika nje ya Ulaya. Timu nyingi za Ulaya zilisafiri pamoja kwa meli ya Kibelgiji iliyoitwa Piriápolis, kutoka bandari ya Antwerp, na safari ilichukua kiasi cha wiki tatu. Wajerumani, Wapoland, Wafaransa, Waestonia na Wayahudi kutoka Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza, walikula meza zilizokaribiana na wakacheza sataranji sitahani kwa muda wote huo. Walipopanda chomboni mwishoni mwa Julai nchi zao zilikuwa na amani, walau kwa maandishi.

Nchi 27 zilihudhuria. Marekani, ambayo ilikuwa imetwaa kikombe mara nne mfululizo katika miaka ya 1931, 1933, 1935 na 1937, haikupeleka timu. Hungaria nayo haikuwapo. Kwa kukosekana kwa hizo mbili kikombe kilikuwa wazi, na waliotazamwa zaidi walikuwa Poland, Ujerumani, Estonia, Uswidi na wenyeji Argentina.

Michezo ilichezwa katika jumba la maonyesho la Politeama. Nchi ziligawanywa makundi manne, na nne za mwanzo za kila kundi zikachaguliwa kuingia Fainali A; zilizobaki ziliingia Fainali B, ambayo hatimaye ilichukuliwa na Iceland. Fainali A basi ilitakiwa iwe na timu 16. Makundi yalikuwa yamefikia ukingoni ndipo alfajiri ya tarehe 1 Septemba majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Poland. Tarehe 3 Septemba Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Timu ya Uingereza, iliyokuwa imekwisha kufuzu kuingia Fainali A, ilijiondoa. Wasomaji walio watumishi wa Serikali huenda wakapenda kujua walikwenda kufanya nini. Watatu kati yao, Hugh Alexander, Stuart Milner-Barry na Harry Golombek, waliajiriwa Bletchley Park, mahali pa siri palipokuwa pakifumbuliwa simu za maadui zilizoandikwa kwa mafumbo. (Tawi la kazi kama hiyo, lililoshughulika na simu za Wajapani, liliwekwa Kilindini, Mombasa, mwaka 1942.) Milner-Barry baada ya vita aliingia Hazina ya Uingereza na akawa mtumishi wa Serikali maisha yake yote ya kazi.

Nafasi ya Uingereza haikujazwa. Zikabaki timu 15, kila moja ikiwa na mapambano 14 ya kucheza, yaani alama 56 za juu kabisa.

UAMUZI

Tatizo lilikuwa dhahiri. Katika ratiba ya fainali, Poland ilitakiwa ikae mezani na Ujerumani, huku ndege za Ujerumani zikiushambulia mji wa Warsaw. Ufaransa ilitakiwa icheze na nchi iliyokuwa vitani nayo. Timu ya Palestina, ambayo wachezaji wake walikuwa Wayahudi, ilitakiwa kufanya hivyo pia. Palikuwapo tena timu iliyoandikwa kwa jina la Bohemia na Moravia, ndiyo ya Wacheki, ambao nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Machi ya mwaka huo huo. Wachezaji wale wa Kicheki hawakulichagua jina hilo, lakini katika orodha walihesabiwa kuwa wako chini ya himaya ya Ujerumani.

Njia zilizokuwapo zilikuwa chache. Kuvunja mashindano kungalikuwa hasara kwa wenyeji, waliokuwa wamegharimia safari na malazi, na wachezaji wengi hawakuwa na meli ya kuwarejesha. Kuiondoa Ujerumani kungaliiingiza Argentina, iliyokuwa haifungamani na upande wowote wa vita, katika ugomvi usio wake. Kumpa ushindi aliyekuwa tayari kukaa mezani na kumnyang'anya aliyekataa kungalikuwa ni kumwadhibu mtu kwa kuvamiwa nyumbani kwake. Ikakubaliwa kwamba mapambano yasiyochezeka yaandikwe sare ya 2 kwa 2, bila ya kete kuguswa.

Mapambano yaliyoandikwa hivyo yalikuwa sita: Ujerumani na Poland, Ujerumani na Ufaransa, Ujerumani na Palestina, Bohemia na Moravia na Poland, Bohemia na Moravia na Ufaransa, pamoja na Argentina na Palestina. Kati ya mapambano 105 ya Fainali A, basi, 99 yalichezwa na 6 yaliandikwa kwa kalamu.

Matokeo ya mwisho yalikuwa haya: Ujerumani alama 36, Poland 35½, Estonia 33½, Uswidi 33, na Argentina 32½.

Mtu hahitaji hesabu kubwa kuona uzito wa jambo hili. Lau Poland na Ujerumani wangalikutana na Poland ikashinda kwa tofauti iliyo ndogo kuliko zote, yaani 2½ kwa 1½, Poland ingalipata 36 na Ujerumani 35½, na kikombe kingalikwenda Warsaw. Ndiyo sababu wapo walioandika kwamba Ujerumani ilipewa ubingwa na karatasi. Kwa maoni ya mwandishi, dai hilo halina uzito linaopewa. Ujerumani ilikuwa na mapambano matatu yasiyochezwa, kwa hiyo ilipewa alama 6 za karatasi, na 30 zilizosalia ilizipata katika mapambano 11 ya kweli, yenye jumla ya alama 44. Poland ilikuwa na mapambano mawili yasiyochezwa, ikapewa alama 4, na 31½ ilizipata katika mapambano 12 yenye jumla ya alama 48. Kwa mia, Ujerumani inapata 68 na ushei, Poland 65 na ushei. Sare ya kuandikiwa ni hasara kwa timu yenye nguvu, kwa kuwa dhidi ya Palestina, kwa mfano, Ujerumani ingaliweza kutumaini zaidi ya alama 2. Uamuzi ule haukumpendelea bingwa. Uliliondoa tu pambano lile moja ambalo dunia nzima ilitaka kulijua matokeo yake.

Pambano la Argentina na Palestina ni la namna yake, kwani nchi hizo mbili hazikuwa na vita baina yao. Argentina, ambayo ilikuwa na alama 32½ mwisho wa hesabu, ilikubali 2 mbele ya timu iliyomaliza chini yake. Kwa alama 1½ tu zaidi wenyeji wangalikuwa wa tatu, mbele ya Estonia, na hilo si dogo kwa nchi iliyofadhili mashindano nyumbani kwake.

WACHEZAJI WALIOTIA FORA

Katika ubao wa kwanza palikuwapo watu wawili ambao mji huo ulikuwa ukiwajua vyema. Mwaka 1927, katika Buenos Aires hiyo hiyo, Alexander Alekhine alimnyang'anya ubingwa wa dunia José Raúl Capablanca wa Cuba, baada ya michezo 34. Tangu hapo Capablanca alitafuta marudiano na hakuyapata. Mwaka 1939 Alekhine alikuja akiwa bingwa wa dunia na kiongozi wa ubao wa kwanza wa Ufaransa. Capablanca aliongoza Cuba, nchi ambayo alikuwa mtumishi wake katika Wizara ya Mambo ya Nje. Afya yake ilikuwa imeanza kuzorota kwa maradhi ya shinikizo la damu.

Zawadi ya mchezaji bora wa kila ubao ilitolewa kwa kuhesabu michezo ya fainali peke yake, wala si ile ya makundi. Hapa tena kanuni ndiyo iliyoamua. Alekhine, ukichukua mashindano yote, alishinda michezo 9, akatoka sare 7 na hakufungwa hata mmoja; Capablanca naye hakufungwa, lakini sare zake zilikuwa nyingi zaidi. Katika fainali, hata hivyo, Capablanca alipata alama 8½ katika michezo 11 na Alekhine 7½ katika michezo 10. Zawadi ikaenda kwa Capablanca. Siku Cuba ilipokutana na Ufaransa watazamaji walitarajia kuwaona wawili hao wakikaa uso kwa uso, ila Capablanca hakucheza siku hiyo, na nafasi yake ilishikwa na mwenzake. Hayo yakawa mashindano yake makubwa ya mwisho. Alifariki New York mwezi Machi, 1942.

Paul Keres wa Estonia, kijana wa miaka 23, alicheza michezo 19, mingi kuliko ya mabingwa hao wawili, akapata alama 14½. Estonia ilikuwa nchi ndogo yenye watu wapatao milioni moja, na kushika nafasi ya tatu duniani kulitegemea sana ubao wake wa kwanza kutopumzika. Miezi michache baadaye, katika mwaka 1940, nchi hiyo ilimezwa na Umoja wa Kisovieti, na haikuonekana tena katika Olimpiadi kwa jina lake mpaka mwaka 1992.

Timu ya Ujerumani ilikuwa na Erich Eliskases katika ubao wa kwanza. Eliskases alikuwa mtu wa Austria, na alikuwa amekwisha kuichezea Austria katika Olimpiadi tatu kabla ya nchi yake kuunganishwa na Ujerumani mwaka 1938. Nyuma yake walikuwapo Paul Michel, Ludwig Engels, Albert Becker na Heinrich Reinhardt. Engels ndiye aliyeibeba timu hiyo, na zawadi ya ubao wa tatu ilikuwa yake. Katika hesabu ya kujumlisha alama za mbao, mchezaji wa namna yake, ambaye hasemwi sana magazetini lakini hukusanya alama kila siku, ana thamani kuliko bingwa wa ubao wa kwanza anayetoka sare na mabingwa wenzake.

Poland ilimweka Savielly Tartakower ubao wa kwanza, na wa pili alikuwa Mieczysław Najdorf, Myahudi mwenye umri wa miaka 29. Najdorf alipata alama 14 katika michezo 18: alishinda 12, sare 4, akafungwa 2. Alipata zawadi ya ubao wake. Inafaa ikumbukwe kwamba nyingi za alama hizo alizipata baada ya tarehe 1 Septemba, huku mkewe, mtoto wake, wazazi wake na ndugu zake wanne wakiwa Poland.

Pamoja na timu hizo yalifanyika pia mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake, yenye wachezaji 20. Vera Menchik, aliyekuwa akiishi Uingereza, alishinda michezo 17, akatoka sare 2 na hakufungwa. Wa pili alikuwa Sonja Graf, mzaliwa wa Ujerumani aliyeupinga utawala wa Hitler. Kwa kuwa hakukubaliwa kuiwakilisha Ujerumani, alicheza bila ya nchi, mbele yake pakiwa pamewekwa bendera iliyoandikwa neno la Kihispania lenye maana ya "huru". Menchik alirudi London na akauawa huko na bomu la Ujerumani mwezi Juni, 1944.

WALIOBAKI

Mashindano yalipofungwa tarehe 19 Septemba, wachezaji walitakiwa kuchagua. Meli za kwenda Ulaya zilikuwapo, lakini bahari ya Atlantiki ilikuwa imejaa nyambizi. Wengine walirudi. Keres alirejea Estonia. Tartakower alirejea Ulaya na baadaye akajiunga na majeshi ya Ufaransa Huru yaliyoongozwa na Jenerali de Gaulle. Vladimirs Petrovs, aliyeongoza Latvia, alirejea pia; mwaka 1942 alikamatwa na wakuu wa Kisovieti, na alifia kambini mwaka uliofuata.

Wachezaji watano wa timu bingwa, wote kwa pamoja, hawakurudi Ujerumani. Walibaki Amerika ya Kusini, wengine Argentina, na Engels alihamia Brazil. Kikosi kilichoshinda kwa jina la nchi yake kiliachana nayo papo hapo. Kutoka Poland walibaki Najdorf, Paulin Frydman na Franciszek Sulik. Gideon Ståhlberg wa Uswidi, ambaye nchi yake haikuwa vitani, alibaki mpaka mwaka 1948. Moshe Czerniak wa Palestina, Jiří Pelikán wa Bohemia na Moravia, Markas Luckis wa Lithuania na Sonja Graf ni miongoni mwa wengine. Ilmar Raud wa Estonia alifariki Buenos Aires mwaka 1941.

Kuishi kwao hakukuwa rahisi. Wengi walijitafutia riziki kwa kufundisha sataranji katika vilabu na kucheza kwa malipo madogo, na hawakuwa na lugha ya nchi. Najdorf alijifunza Kihispania, akafanya kazi ya kuuza bima, akafanikiwa, na mwaka 1944 akawa raia wa Argentina. Jina lake la kwanza likawa Miguel.

Jambo moja alilolifanya linastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Upo mtindo wa kucheza sataranji bila ya kuutazama ubao: mchezaji huketi amegeuzwa, huambiwa hatua ya mpinzani kwa mdomo, naye hujibu kwa mdomo, na kete zote huzishika kichwani. Kufanya hivyo kwa ubao mmoja ni kazi kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1943, katika mji wa Rosario, Najdorf alicheza namna hiyo na watu 40 kwa wakati mmoja, akawashinda 36, akatoka sare na 1 na kufungwa na 3. Mwaka 1947, mjini São Paulo, aliongeza mpaka watu 45: alishinda 39, sare 4, akafungwa 2, na kikao kilichukua saa 23 na nusu. Alieleza baadaye kwamba hakuwa akitafuta sifa. Posta ilikuwa imekatika, na hakuwa na njia ya kuwajulisha jamaa zake kuwa yu hai. Alifikiri kwamba akivunja rekodi ya dunia magazeti yataandika, na gazeti moja huenda likafika Poland na mtu wa kwao akalisoma. Magazeti yaliandika. Hakuna mtu wa kwao aliyejibu. Mkewe, mtoto, wazazi na ndugu zake wanne waliuawa katika mauaji ya Wayahudi.

Olimpiadi haikufanyika tena mpaka mwaka 1950, mjini Dubrovnik, na Yugoslavia, iliyokuwa mwenyeji, ikawa bingwa. Argentina ilishika nafasi ya pili, Najdorf akiwa ubao wa kwanza na akitwaa zawadi ya ubao huo. Ilishika nafasi ya pili tena Helsinki mwaka 1952, nyuma ya Umoja wa Kisovieti uliokuwa ukishiriki kwa mara ya kwanza, na mara ya tatu Amsterdam mwaka 1954. Nchi ambayo mwaka 1939 ilikuwa ya tano nyumbani kwake ilikuwa imepanda hadi ya pili duniani, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vijana wake wenyewe, na kwa sehemu isiyofichika kwa sababu ya wageni waliokosa meli ya kurudia.

Katika timu hiyo ya Helsinki, ubao wa kwanza wa Argentina ulikuwa wa Miguel Najdorf, wa Poland zamani. Erich Eliskases, aliyeongoza Ujerumani mwaka 1939, alikuwa katika timu hiyo hiyo, na Argentina ilikuwa nchi yake ya tatu kuichezea. Pambano la timu zao za kwanza limebaki katika kumbukumbu za FIDE kama lilivyoandikwa Septemba, 1939: Ujerumani 2, Poland 2, halikuchezwa.